Figo za Mwalimu wa Udereva

Mke wa mwalimu wa udereva alikuwa anakunja pindo la sketi ya shule kwenye benchi la kusubiria pale figo za mumewe zilipotoka chumba cha upasuaji na kuja kukaa karibu naye. Zilikuwa zimejifunika kitambaa cha kijani cha hospitali.

"Shikamoo, mama," ikasema ile ya kulia, ikihema.

"Marahaba. Mbona mmetoka kabla ya mwenye nyumba?"

"Ndani hakukaliki," ikadakia ya kushoto. "Moyo umepumzishwa, umewekewa barafu, kila mara unaulizwa hali. Sisi wachapa kazi hata pole hatupewi."

Zilikuwa zimepauka vibaya. Fundi cherehani hakosi kitambaa, basi akakata kipande cha flana mkobani, akazivika.

Kisa chenyewe kilikuwa kidogo. Daktari bingwa alikuwa na mkono mwepesi na subira fupi. Damu ikimziba asione anaposhona, alisema "Punguza," na fundi wa ile mashine inayosukuma damu badala ya moyo alipunguza. Moyo ulikuwa umesimamishwa, haujui lolote, na kiu yote ikaziangukia figo. Wagonjwa wake waliondoka na mioyo ya kupigiwa mfano, kisha wakarudi kila wiki kusafishwa damu katika jengo la pili. Jengo la pili halikuwa lake.

Mke aliogopa mno. Mumewe hakuweza hata kusubiri taa nyekundu bila kulaani, sembuse kufungwa kwenye mashine maisha yake yote. Akaenda kugonga mlango, na sista akachungulia.

"Figo tena?"

"Za mume wangu. Zinasema hazirudi mpaka damu iongezwe."

Sista akaingia, akarudi. "Daktari anasema moyo kwanza. Zisubiri."

"Basi mwambie nakwenda nazo nyumbani."

Hapo sista akabadilika rangi. Chumba kile hakikufunga kifua cha mtu mpaka kila kitu kihesabiwe, na aliwahi kutafuta pamba moja mchana kutwa huku daktari amesimama na uzi mkononi. Akageuka, akapaza sauti.

"Daktari, mama anaondoka nazo! Hesabu haitatimia, hatufungi leo!"

Ikasikika sauti ya daktari, ya mtu aliyekwisha kupiga hesabu ya saa zitakazompotea.

"Haya, ongeza."

Mngurumo wa mashine ukapanda. Figo zikateremka benchini bila haraka.

"Na flana tunakwenda nayo," ikasema ya kulia.

Jioni mfuko wa mkojo ulijaa. Mke aliulilia kwa furaha, akamwonyesha kila aliyepita, hata mtu aliyekuja kurekebisha feni. Daktari bingwa naye aliwaonyesha wanafunzi wake, akawaambia siri ni wepesi wa mkono.

Kesho yake hospitali ilitangaza kwamba kila mgonjwa wa moyo aje na ndugu wa kukaa na figo. Watu waliona ni utaratibu mzuri, ungefaa kuanza zamani.

Asubuhi hiyohiyo mke alikuwa anampelekea mumewe chai alipokuta figo mbili ngeni kando ya mlango wa chumba cha upasuaji, zimesimama, hazina mtu.

"Shikamoo, mama. Mwenyewe alikuja peke yake."

Akaiweka chai chini, akagonga.

"Wewe ni nani wake?" akauliza sista.

"Dada yake."

"Mama, jana ulikuwa mke wa mtu mwingine." Sista alisema kwa upole kabisa. "Na figo za watu huondoki nazo, unajua."

"Damu je, hawaongezi?"

"Nani wa kumwambia? Ndugu hayupo."

Mlango ukafungwa taratibu. Ndani daktari bingwa akasema, "Punguza," na mashine ikatii. Figo zikaomba zishikwe mkono. Mke wa mwalimu akazishika zote mbili, na zilikuwa zinapoa.