Mtungi wa Bibi Maeng

Jumanne saa nne asubuhi, katika ukumbi wa jengo la ghorofa thelathini na nane mjini Seoul, mafundi wawili walimaliza kutundika mchoro wa mita sita kwa mbili. Mchoraji, Pyo Gi-seon, aliweka pimamaji juu ya fremu, akaridhika. Kampuni iliyojenga jengo ndiyo iliyouagiza, ili kumbukumbu ya mtaa wa Solme isipotee. Solme ulikuwa juu ya kilima hichohicho kabla kampuni haijaubomoa. Pyo alizaliwa huko. Alichora kwa kukumbuka: ngazi mia moja na kumi na mbili, mapaa ya bati, nguo kambani, na juu ya kila nyumba mitungi ya mchuzi wa soya. Hakuchora mtu. Mkataba ulisema mandhari.

Siku ya uzinduzi wenyeji wa zamani walialikwa kupigwa picha. Bibi Maeng, mwenye miaka themanini na moja, alipanda mabasi mawili kutoka chumba cha chini ya ardhi alichopangishiwa na mwanawe. Aliutazama mchoro, kisha akamtazama Pyo.

"We mwana wa muuza makaa, nani kakutuma kuniachia mtungi wazi?"

"Ilikuwa siku ya jua, Bibi. Si mlikuwa mnafunua ili mchuzi upate jua?"

"Jua liko wapi? Hulioni wingu lile? Hayo macho au vifungo vya shati?"

Kwenye kona ya kushoto, ambayo Pyo aliipaka buluu tupu, kulikuwa na wingu. Mvua ikiingia mtungini, mchuzi wa mwaka mzima huoza. Bibi Maeng alivua viatu asichafue fremu, akavivaa upande wa pili, ndani ya mchoro, akapanda ngazi, akipumzika palepale alipozoea kupumzika. Akafunika mtungi wake. Hakurudi. Mpiga picha aliwaomba waliobaki wasogeleane.

Baada ya wiki mbili zilikuwa zimehamia mchoroni kaya kumi na tisa. Jioni madirisha yaliwaka. Mlinzi wa mlangoni aliwapitishia barua zao.

Ndipo meneja wa jengo, Tak, alipomwita Pyo.

"Mwalimu, wakazi wa juu wanalalamika. Harufu ya maharage yaliyochacha inapanda na lifti."

"Ndicho chakula chao."

"Sawa, ila sisi tuliagiza mandhari. Majirani hatukuagiza."

Akampa njia mbili: atie alama nyekundu milangoni, au Ijumaa mchoro wote upakwe rangi nyeupe. Solme nzima iliijua alama hiyo tangu siku za bomoabomoa: duara, na ndani yake neno "tupu". Nyumba iliyotiwa alama ilihesabiwa haina mtu, hata kama wali ulikuwa jikoni.

Pyo alipiga hesabu mara mbili, jibu likawa lilelile. Alhamisi asubuhi alikuja na rangi nyekundu na brashi nyembamba, akaanzia nyumba za chini. Bibi Maeng alikuwa mlangoni kwake, akimenya vitunguu saumu.

"Hata wewe?"

"Wataufuta wote, Bibi. Na ngazi, na mitungi."

"Mara ya kwanza walimleta mtu tusiyemjua. Wao angalau walikuwa na adabu." Alikusanya vitunguu kwenye aproni. "Haya, andika. Mkono usitetemeke ukaniharibia mlango. Mtungi nimeufunua, leo kuna jua. Likija wingu, ufunike."

"Nitafunika."

Aliandika kwa mkono uliotulia. Ijumaa nyumba zote zilikuwa tupu, na hakuna aliyemwona mtu akitoka. Meneja Tak aliisifu ile nyekundu. Alisema imeupa mchoro ukweli.

Jumatatu mvua ilianza kunyesha ndani ya mchoro. Pyo alinyanyua mguu kuvuka fremu. Goti likagonga turubai kavu, ngumu kama mbao. Alitoa brashi akachora kifuniko, lakini rangi ya mafuta haishiki juu ya maji. Kifuniko kiliteleza, kikashuka ukutani mwa nyumba kama uzi wa kijivu. Alikichora mara nne. Mtungi ulijaa, mchuzi ukaanza kumwagika juu ya bati.

Mlinzi alimletea kiti.