Anayevutwa Ndiye Mla Moshi

Pale Mikumi, dereva aliyeharibikiwa na gari hachagui brekidauni kwa macho, huchagua kwa masikio. Akifika kijiweni, kila mwenye pikapu ya kuvuta hukanyaga mafuta hapohapo alipoegesha, na inayonguruma kuliko zote na kutoa moshi mzito ndiyo inayoondoka na kazi. Kwa miaka kumi na miwili Boniface hakuwa na mpinzani. Mama ntilie wa ng'ambo ya barabara alikuwa akimwona tu anapanda garini, anafunika masufuria yake.

Ndipo akaja Yusta, binti wa kaka yake, na shahada ya uhandisi mitambo ambayo wino wake ulikuwa haujakauka vizuri. Aliomba apewe injini ya pikapu ya Boniface kwa majuma matatu. Hakutafuta mbio, alitafuta nguvu ya chini, ile ambayo gari huihitaji linapoanza kuondoka na mzigo nyuma. Alisafisha nozo za kunyunyizia dizeli, akabadilisha chujio la hewa, akarekebisha pampu ya dizeli na kukaza skrubu yake ya kupimia mafuta, kisha kila asubuhi akafunga tela la matofali na kupanda nalo kilima, daftari mapajani. Alipomaliza, pikapu ilinguruma kama paka aliyeshiba. Moshi hata wa kufukuzia mbu haukuwepo.

"Umeiua," alisema Boniface.

"Baba mdogo, moshi ni dizeli iliyokosa hewa ya kuungulia. Ukishindilia kuni kwenye jiko lisilopumua, unapata machozi, hupati wali."

"Wateja wangu hawaji kula wali."

Na kweli, juma zima hakuna aliyemchagua. Hapo Boniface akakata shauri: Jumatatu fundi Melkizedek angekuja kuilegeza skrubu ya pampu ili pikapu irudi kwenye moshi wake, na Yusta angekwenda Morogoro kutafuta kazi ya ofisini kama wasomi wenzake. Kile kibanda cha pembeni ya yadi, ambacho Yusta alikuwa ameshakipigia hesabu ya kutengenezea injini za wakulima, kingebaki cha kuwekea matairi. Yusta alijibu, "Sawa, baba," akaenda nyuma ya pikapu akalia kidogo, halafu akakagua tena mkanda wa feni.

Jumamosi ikaja simu. Haisi iliyobeba kwaya ya akina mama wa Kisanga ilikuwa imekufa klachi ikielekea Kilosa, mbele kidogo ya Masanze, chini ya mlima, na tamasha lilikuwa linaanza saa nane. Boniface alikwenda na Yusta, lakini kwa kuogopa aibu akamwomba Melkizedek afuate na pikapu yake mwenyewe, ambayo ilikuwa ikifuka kama tanuri la mkaa.

Walipofika, mwenyekiti wa kwaya, Mama Editha, alikuwa amesimama barabarani katika blauzi nyeupe iliyopigwa pasi hadi ikawa na makali.

"Shikamoo mama," alisema Yusta.

"Marahaba mwanangu. Hilo gari lenu limezimika?"

"Linawaka, mama."

Mama Editha aliinamisha sikio kwenye boneti kama daktari. "Basi linanong'ona. Sisi tuko kumi na wanne, na hatujakonda."

Boniface aliona haya. "Melkizedek, vuta wewe."

Dereva wa Haisi alikuwa amepanda bodaboda kwenda kutafuta klachi, kwa hiyo alihitajika mtu wa kushika usukani nyuma. Boniface akaingia yeye. Katika miaka yote ile alikuwa hajawahi kukaa kwenye gari linalovutwa.

Melkizedek alikanyaga. Mlima ukatoweka, kisha barabara, kisha pikapu yenyewe. Vioo vya Haisi vilikuwa havipandi, na moshi uliingia kama mgeni aliyealikwa. Akina mama walianza na kikohozi cha sauti ya kwanza, sauti ya tatu ikadakia. Katikati ya mlima matairi ya Melkizedek yakazunguka bure kwenye changarawe, gari likasimama, na Yusta aliyekuwa akifuata akaruka chini kuweka mawe nyuma ya magurudumu ya Haisi.

Boniface alichungulia dirishani. Meno tu ndiyo yaliyobaki meupe.

"Baba mdogo," Yusta alisema kwa upole, "naomba nijaribu."

Melkizedek akafungua chuma cha kuvutia na kusogea pembeni, Yusta akakifunga kwenye pikapu ya Boniface. Kuanzia chini ni jambo moja, kuanzia katikati ya mlima na akina mama kumi na wanne nyuma ni jingine. Akikistua chuma hicho, kingechomoka na Haisi ingerudi nyuma. Aliingiza gia ya kwanza, akaachia klachi taratibu kama anayemtoa mtoto mgongoni bila kumwamsha.

"Yusta," Boniface aliita kutoka nyuma, "washa gari."

"Baba, tunakwenda."

Boniface akatazama nje. Mtama ulikuwa unapita. Mama mmoja akachungulia akaona mawe yao yamebaki kule chini, akawaonyesha wenzake kwa kidole. Walipanda hivyo, pole pole, bila mtu kukohoa, hadi kileleni, na Mama Editha akapata nafasi ya kuigeuza blauzi yake iliyojaa masizi ndani nje.

Kileleni Boniface alishuka akajifuta uso kwa kitambaa, kikatoka cheusi.

"Hivi watu wote ninaowavuta huwa wanakula moshi namna hii?"

"Wote, baba."

"Mbona hawajawahi kuniambia? Wanasema asante, wananipa mkono."

"Walikuwa wamekwama, baba mdogo. Aliyekwama atasema nini?"

Boniface alikitia kitambaa mfukoni. Melkizedek aliwasili akiwa na jasho, akataka kujua Jumatatu aje saa ngapi na spana zake.

"Saa mbili," alisema Boniface. "Ila uje na hiyo pikapu yako. Utampelekea huyu pale kwenye kibanda."

"Kibanda kipi? Cha matairi?"

"Matairi yatalala nje, hayana shahada."

Melkizedek alimtazama Yusta, akajikuna shingo. "Injinia, ukinipunguzia moshi wote, pale kijiweni nitasikika vipi?"

Yusta alifikiri kidogo, maana swali lilikuwa la haki. Lakini Mama Editha alikuwa ameshaingia kwenye kiti cha mbele cha pikapu, mkoba magotini.

"Mtasikika baadaye," alisema. "Mwanangu, ni saa saba na nusu. Nong'ona twende."