Asili Zisizofanana

Shangazi Ukuta anasema alisikia kwa masikio yake mawili. Anasema Jumanne, kama saa kumi na moja jioni, alikuwa uani kwake anaanua nguo, hana habari na mtu, mara akamsikia baba yetu akimfokea mdogo wangu: "Asili yako si ya humu. Huingii." Kikapita kimya, kisha baba akaunguruma tena, safari hii akiwaambia watu wawili: "Asili zenu hazifanani. Hamuwezi kuwekwa pamoja mpaka mbadilishe asili." Hapo, anasema Shangazi, mama alijibu kitu kwa sauti ya chini, sauti ya mtu aliyekamatwa, na mdogo wangu akacheka kile kicheko cha mtu anayejizuia kulia. Shangazi akaziacha nguo nyingine kwenye kamba. Kesho yake asubuhi foleni nzima ya bombani ilikuwa inajua kwamba mdogo wangu si mtoto wa baba, na kwamba siri ya miaka ishirini imefumuka.

Mimi nilikuwa kwenye foleni hiyohiyo na ndoo zangu mbili.

"Pole, mwanangu," akaniambia.

"Pole ya nini, Shangazi?"

"Hayo ni ya kwenu. Mimi sisemi."

"Basi usiseme."

"Ila baba yako angesubiri hata mtoto amalize chuo."

Si shangazi yetu wa damu. Tunamwita Shangazi kwa heshima, na hilo la Ukuta tunaliongeza akiwa mbali. Nyumba yake na yetu zinachangia ukuta mmoja mwembamba, na kwa ukuta huo anajua siku chumvi yetu inapoisha. Kwake yeye hakuna cha kusikika. Tangu mwanawe wa mwisho apate kazi mbali anaishi peke yake, na jioni utasikia sufuria moja, mfuniko mmoja, basi.

Na hakusema uongo. Maneno yale baba aliyasema, hata kama Shangazi aliyatia chumvi kidogo. Yaliyompita ni maneno ya katikati. Baba anaendesha mashine ya kusaga nafaka. Kutwa nzima anaongea juu ya mlio wa injini, na akirudi nyumbani hata maji ya kunywa anayaomba kama anamwita mtu ng'ambo ya barabara. Sisi wengine tunaongea kawaida. Kwa hiyo ukutani anapita baba peke yake.

Mambo yalianza wiki moja kabla. Mdogo wangu anasomea ualimu, anakaa bwenini huko chuoni, lakini wakati wa mazoezi ya kufundisha alipangiwa shule ya msingi iliyo karibu na sisi, akawa analala nyumbani. Mkufunzi wake huja darasani mara mbili, anakaa dawati la nyuma na karatasi yake. Mara ya kwanza somo lilikuwa kujumlisha sehemu. Mdogo wangu akaandika ubaoni nusu jumlisha theluthi. Akaeleza kwamba namba ya juu inaitwa kiasi na ya chini inaitwa asili, na kwamba sehemu ambazo asili zake hazifanani hazijumlishwi mpaka zifananishwe kwanza. Mtoto mmoja wa kike, wa dawati la mbele, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, kwa nini tusijumlishe hivyohivyo?"

"Kwa sababu ndiyo kanuni."

"Kanuni kwa nini?"

Mdogo wangu alisimama pale na chaki mkononi mpaka kengele ikalia.

Mkufunzi aliandika maneno mawili: Anajua, hafundishi. Ijumaa iliyofuata angerudi, na mambo yakiwa vilevile, mwaka wa mdogo wangu umekwenda na maji; angekaa nyumbani mpaka mwaka mwingine aanze upya. Baba alikuwa anamwita Mwalimu tangu siku ile barua ya chuo ilipofika. Aliisoma ile karatasi, akaikunja, akamrudishia, na wakati wa kula akamwita kwa jina lake. Hakukusudia. Lakini wote tulisikia.

Jumatatu mdogo wangu akaja barazani, ninaposhonea.

"Dada, kaa uwe mwanafunzi."

"Nina suruali tatu za kupunguza."

"Kaa huku unapunguza."

Akaeleza yote, kiasi na asili, akaniuliza nusu jumlisha theluthi ni ngapi. Nikasema mbili juu ya tano.

"Dada."

"Moja na moja mbili. Mbili na tatu tano. Nimekosea wapi?"

"Asili hazijumlishwi."

"Kwa nini?"

Akanitazama kama mtu aliyegundua kwamba yule mtoto wa dawati la mbele nilimtuma mimi. Lakini sikuwa nafanya makusudi. Mimi nimeishia darasa la saba. Swali kama hilo nililipata kwenye mtihani kwa kumeza kanuni, na kanuni ukiimeza bila kuitafuna haikai. Kinachokaa kwangu ni hiki cha shingoni, futi kamba.

"Nusu ya nini?" nikamuuliza.

"Ya chochote."

"Chochote hakipimiki."

Nikavuta kipande kirefu kwenye kapu la mabaki, nikapima sentimita sitini. Nusu yake thelathini, nikakata. Nikachukua kingine cha sitini, theluthi yake ishirini, nikakata. Nikaviunga kwa pini, vikawa hamsini. Kisha nikapima jibu langu mimi. Sitini ukigawa tano ni kumi na mbili, mara mbili ni ishirini na nne. Nikakata hicho nacho, nikakilaza juu ya ile nusu.

"Tazama," nikasema. "Jibu langu ni fupi kuliko nusu niliyoanza nayo. Nimeunga kitambaa, kimepungua. Mteja angeniitia watu."

Akacheka. Tangu arudi na ile karatasi hakuwa amecheka.

"Rudia hiyo."

"Ipi?"

"Ya mteja."

Basi zile suruali zikangoja. Nusu nikaikata kwenye mabaki ya sare ya shule, ya bluu. Theluthi nikaitoa kwenye pazia la manjano lililokuwa chumbani kwa mama. Sudusi, yaani moja ya sita, nikazikata kwenye shuka jeupe lililochakaa, kila moja sentimita kumi, kila moja na tundu la kifungo. Nusu nikaishonea vifungo vitatu, theluthi viwili. Ukitaka kubadilisha asili ya nusu, unaivalisha vipande vyeupe vitatu. Mdogo wangu alivifunga na kuvifungua mpaka nikamwambia vifungo si vya chuma.

Jumanne baba akarudi kutoka mashineni, unga mpaka kwenye nyusi. Akaelezwa. Akafikiri.

"Hawa Nusu na Theluthi wanataka mlinzi," akasema, akachukua ufagio, akasimama nao kwenye mlango wa jikoni.

Mdogo wangu akawa Nusu. Mama alikuwa ndiyo kwanza ametoka gengeni kuuza mboga, na hakutaka kuwa Theluthi. "Miaka yote nimekuwa mzima humu, leo nikatwe?"

"Theluthi ni ya lile pazia lako," nikamwambia.

"Lile la chumbani? Basi lete."

Wakasogea mlangoni. Baba akagonga ufagio sakafuni. "Asili?"

"Mbili," akasema mdogo wangu.

"Asili yako si ya humu. Huingii. Na wewe?"

"Tatu, na miguu inaniuma, tangu asubuhi sijakaa."

"Asili zenu hazifanani. Hamuwezi kuwekwa pamoja mpaka mbadilishe asili."

Wakaja kwangu cherehanini, nikawavalisha. Nusu vyeupe vitatu, Theluthi vyeupe viwili. Wakarudi.

"Asili?"

"Sita."

"Sita."

"Piteni. Jumla?"

Mama akahesabu vyeupe kwa kidole. "Tano."

"Tano za nini?"

"Za sita. Na sasa nipishe, sufuria inaungua."

Hiyo ndiyo siri ya miaka ishirini.

Jumatano mdogo wangu alirudi kutoka shuleni midomo ameibana. Mwalimu mmoja wa kule alikuwa amemwita pembeni na kumuuliza, kwa upole kabisa, kama ana mahali pa kukaa. Akavikusanya vitambaa vyote, akavitupa kwenye kapu la mabaki.

"Ijumaa nafundisha kwa chaki."

"Chaki ilikuangusha."

"Dada, mtaa mzima unaniangalia pua, unailinganisha na ya baba. Niingie darasani na vitambaa, nionekane nacheza tena?"

Baba alitaka kwenda hapohapo kumweleza Shangazi ukweli. Mama akamshika mkono. "Ukaeleze kwa sauti hiyo? Mtaa wa pili nao utapata habari." Mimi sikubishana na mtu. Nilivitoa vile vitambaa kapuni, nikavipiga pasi, nikaviweka juu ya meza ya cherehani, mahali anapoweka daftari lake.

Alhamisi jioni Shangazi akabisha hodi mwenyewe. Alikuwa amevaa nguo za kwendea kwa watu. Akaketi, akakohoa kidogo.

"Nimekuja kama mtu mzima. Mtoto ni mtoto, hata kama..."

Baba akafungua mdomo. Mama akamkanyaga.

"Umefanya vizuri kuja," mama akamwambia Shangazi. "Shika hii." Akampa lile la manjano.

"Ya nini?"

"Leo wewe ni Theluthi. Mimi napika."

Baba alikuwa ameshachukua ufagio wake. Shangazi akasukumwa taratibu mpaka mlangoni, kitambaa mkononi, hajui kama anaheshimiwa au anachezewa.

"Asili yako?" akauliza baba.

Shangazi akamtazama. "Mimi? Sisi ni watu wa ng'ambo ya mto. Ila mama yangu mzazi..."

Niliung'ata uzi nisicheke. Mdogo wangu, aliyekuwa amejikunja kwenye mkeka na madaftari yake, akaangua kicheko, akainuka.

"Siyo hiyo, Shangazi. Asili ni ile namba ya chini."

"Ya chini wapi?"

Akamwonyesha, kwa chaki yangu ya kushonea, kwenye sakafu. Shangazi akafuatisha kwa kidole. Akauliza huyu Nusu ni nani, akaambiwa ni mdogo wangu. Akamtazama mlinzi, akautazama mlango.

"Sasa kwa nini wasiingie hivyohivyo? Wakajuane humohumo ndani."

Lilikuwa swali la yule mtoto. Mdogo wangu hakusema kanuni. Alinivua futi kamba shingoni.

"Waingize," akasema. "Hesabu unavyoona wewe."

Shangazi akahesabu kwa vidole, akapata mbili juu ya tano, kama mimi. Mdogo wangu akampimia, akakata, akamwekea juu ya ile nusu ya bluu. Shangazi akakishika kile kipande, akakivuta, akakivuta tena.

"Imepungua," akasema, kama mtu aliyepunjwa sokoni. "Nani kachukua?"

"Hakuna aliyechukua. Umehesabu nusu na theluthi kama vitu vya jina moja. Wape jina moja kwanza, halafu uhesabu."

Akamsaidia kufunga vile vyeupe viwili. Shangazi alihesabu tano za sita mwenyewe, polepole, na alipomaliza akabaki anaviangalia.

"Ndiyo hiyo asili ya Jumanne?"

"Ndiyo hiyo."

"Mimi nilisikia asili tu."

"Baba ana sauti," mama akasema.

"Sauti anayo."

Ijumaa alfajiri, bombani, Shangazi alitangaza kwamba yule binti ni wa baba yake, pua na masikio, na kwamba yeye Shangazi ni Theluthi. Foleni ikachanganyikiwa kuliko mwanzo.

Niliporudi na ndoo, vitambaa havikuwa tena juu ya meza. Siku hiyo nilishona zipu moja mara mbili, na mara zote mbili nikaifumua. Saa tisa mdogo wangu akaingia mikono mitupu. Watoto waligombania kuwa mlinzi, akasema, na mlinzi akawa yule wa dawati la mbele, naye hakumruhusu mtu kupita bila kueleza kwa nini. Vitambaa mkufunzi amevichukua. Karatasi ilikuwa na neno moja tu: Anafundisha.

Baba aliisoma alipotoka kazini. Akaikunja, akaitia kwenye mfuko wa shati lake mwenyewe.

"Mwalimu," akasema, "njoo tule."

Jumapili mdogo wangu akafunga begi, akarudi chuoni.

Jumatatu, saa ile ya jioni, hodi ikasikika. Shangazi alikuwa mlangoni, kigoda chake kwapani. Mama alikuwa anapakua. Sahani zilikuwa tatu.

"Sikai sana," akasema Shangazi. "Nina hesabu."

"Sema," akasema baba.

"Mlikuwa wanne humu. Kila mmoja robo."

"Imekuingia."

"Imeniingia. Sasa Mwalimu ameondoka, robo yake iko wazi. Sitaki kumbadilishia mtu asili. Naomba niishike mimi, wakati wa jioni tu, mpaka arudi."

Baba, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, hakutoa sauti. Alinitazama mimi, mimi nikamtazama mama, na mama aliutazama upawa mkononi mwake. Shangazi alibaki amesimama palepale mlangoni, ufagio umeegemea kando yake, akingoja mlinzi aseme.