Bibi Watatu wa Nenita

Crisanto alijifunza Omaha, mchezo wa karata wa kuwekeana dau, melini katika miaka ishirini ya kuwapikia mabaharia. Alipostaafu na kurudi kwao, mjini Cebu, akaanza kumfundisha jirani yake Nenita, mjane aliyetengeneza soseji tamu na kuziuza sokoni.

"Unapewa karata nne, dada, lakini unatumia mbili tu. Si moja, si tatu. Za mezani zipo tano, unachukua tatu."

"Na nikipata ree mbili?"

"Usizipende kama mchumba! Ree mbili peke yake hapa huuawa mchana kweupe. Taka karata nne zinazosaidiana. Na kwa kuwa dau haliruhusiwi kuzidi kilichomo chunguni, yaani madau yote ya mezani, usikikuze chungu usichoweza kukipakua."

Nenita alicheka, lakini alishika. Jumapili moja baada ya misa wakaenda wote wawili kwenye mashindano ya klabu ya karata, mjini Mandaue. Zawadi ilikuwa friji la kugandisha. Nenita alilitaka kwa kufa na kupona, maana joto lilimharibia soseji kila wiki. Crisanto alikwenda kucheza tu.

Walianza watu arobaini. Kufika saa tisa alasiri, wakabaki mwalimu na mwanafunzi wake.

Mezani zikalala bibi wawili, nane na tatu, kisha ya mwisho ikaja tano. Tatu kati ya hizo zilikuwa kopa, na Crisanto alikuwa na kopa mbili mkononi. Akaweka dau sawa na chungu kizima. Nenita akawaza, akalifuata, akabakiwa na vikete vichache vya kuwekea dau. Crisanto akafunua: kopa tano.

Nenita akamwinamishia karata zake, kama alivyozoea wakijifunza jikoni. Ree mbili, bibi, tano.

"Mimi nina bibi watatu tu. Kopa tano zinawapiga bibi watatu, sivyo, kaka?"

Crisanto aliiona ile tano papo hapo. Bibi na tano za mkononi, pamoja na bibi wawili na tano ya mezani: bibi watatu, tano mbili. Nyumba nzima, kama wachezaji wanavyouita mkono huo. Kopa zake hazikuwa kitu mbele yake.

"Zinawapiga," akasema.

Halikuwa neno la uongo. Nenita akazisukuma karata kifudifudi, mgawaji akazichanganya na nyingine, na baada ya mikono miwili mingine ya mchezo vikete vyake vikaisha. Akamkumbatia Crisanto mbele ya watu. "Mwalimu wangu huyu!"

Friji likafika nyumbani kwa Crisanto. Felisa, mkewe, akalipangusa mara tatu siku hiyo. Jioni Nenita akaleta puto, vile vikeki vya mchele vya kupikwa kwa mvuke, zingali za moto, kumpongeza, na kwa aibu akaomba nafasi ndogo ya kuweka soseji. Crisanto alimega puto moja, akairudisha sahanini. Siku tatu alimkwepa. Kila alipofungua friji akaziona zile soseji, alilifunga bila kutoa alichokifuata.

Siku ya nne akaenda kwake, akapanga karata juu ya meza ya kukatia nyama, akamweleza yote.

Nenita aliiokota ile tano.

"Mezani walikuwapo watu wengi wa kuuliza," akasema. "Nikakuuliza wewe."

"Nisamehe, dada. Friji nitalileta leo."

"Lilete. Sikatai, ni langu. Ila usiniite dada."

Akalipeleka kwa baiskeli ya magurudumu matatu, Felisa akilia kibarazani. Nenita alimwonyesha pa kuliweka, akamshukuru mwendeshaji, akafunga mlango.

Nenita bado anacheza kila Jumapili, meza nyingine. Mkono ukiisha, hamwulizi mtu: huzilaza karata zake zote nne wazi, mgawaji azisome. Kila anapomwona akifanya hivyo, Crisanto huinamisha uso.