Aproni kwa Askari

Ijumaa za Kwaresima mji wote wa Rindal hunuka mafuta ya samaki, na hakuna anayelalamika. Hata Walutheri, ambao hawana sababu yoyote ya kukwepa nyama, hupanga foleni nje ya Ukumbi wa Wapiganaji wa Zamani huku theluji ikiwa bado imegandia vioo vya magari yao. Wanangoja sahani ya samaki wa kukaanga, viazi na kabichi ya siki. Mkaangaji ni Orvil Majeski. Ndiye pia mwenyekiti wa ukumbi, lakini ukimuuliza cheo gani kinampa fahari, atakuonyesha karai. Kugonga meza kwa nyundo kila mtu anaweza. Kuchanganya unga na bia mpaka samaki atoke na ganda linalolia jinoni, hiyo ni shughuli nyingine.

Jioni ile ya Machi, mwaka 2007, Orvil alikuwa na raha kuliko kawaida. Kwenye dirisha la jikoni alikuwa binti yake Renata, akigawa kabichi pamoja na kina mama. Mwaka uliotangulia Renata alirudi kutoka Iraki, alikokuwa akiendesha malori ya jeshi kati ya Kuwait na Baghdad, na Orvil hakuwahi kuchoka kumtazama akiwa mzima, akibishana na mama yake kuhusu siki.

"Umezidisha tena," alisema Bernice, mama mtu.

"Mama, watu wanarudi kuongeza."

"Wanarudi kwa sababu wewe ndiye unayegawa. Wangerudi hata ungewapakulia majani."

Raha ya Orvil ilikuwa na doa moja tu, ila lilikuwa doa kubwa. Kikosi cha akiba cha Renata kilikuwa kimeitwa tena. Mwezi wa Agosti wangeondoka.

Na baada ya samaki kulikuwa na mkutano wa wanachama kwenye baa ya ukumbi. Clete Novotny, mwenye duka la chambo na ndoana, aliyepigana Vietnam na bado hulala na taa inawaka, alikuwa ameleta hoja kwamba ukumbi umwandikie mbunge, askari warudishwe nyumbani. Lyle Draheim, katibu, naye wa Vietnam vilevile, aliapa kuipinga. Tangu Krismasi wawili hao walikuwa wakibishana kwenye baa hiyo kila jioni, na ubishi wote ulizunguka jambo moja: je, hii Iraki ni Vietnam nyingine?

"Ni ileile," Clete alisema mkutano ulipoanza. "Ondoa msitu, weka mchanga. Mchana mtu anakuuzia sigara, kesho yake anakufukia bomu njiani, na wewe huwezi kumtofautisha na jirani yake. Sisi tulikaa tukingoja nani atuambie tumeshinda? Hakuja mtu."

"Acha hizo, Clete. Mimi na wewe tulizolewa kwa nguvu tukapelekwa. Hawa wamejiandikisha wenyewe. Ukijiandikisha, hulalamiki."

"Wao hawalalamiki. Ninayelalamika ni mimi."

"Tumeshazoea, bwana. Na tulipoondoka ikawaje? Waliotupikia, waliotutafsiria, tuliwaacha wananing'inia kwenye geti la ubalozi. Wewe uliipenda ile picha ya magazetini?"

Hakuna mtu wa rika lao aliyeipenda picha ile.

Orvil alikaa kwenye kiti chake cha mbele. Kwa kanuni za ukumbi, mwenyekiti hapigi kura isipokuwa kura zikilingana, na jioni ile alimshukuru Mungu kwa kanuni hiyo. Mwaka 1970, yeye akiwa Pleiku, kule Vietnam, akitengeneza injini kwenye matope, baba yake mzazi aliketi ndani ya chumba hikihiki, pamoja na wenzake waliopigana na Wajerumani, akanyoosha mkono kuunga mkono vita viendelee. Hakuona haja ya kumuuliza kijana wake. Orvil aliporudi, alishuka peke yake kwenye basi, akaingia baa ile, na wazee wakamwambia kwamba vita vyake havikuwa vita hasa. Ilipita miaka mingi kabla hajakanyaga tena pale.

Kwa hiyo alijiona amebanwa huku na huku. Akisema askari wabaki, atakuwa anampeleka Renata kama yeye alivyopelekwa. Akisema warudi, aliogopa binti yake atasikia kwamba mwaka wake kule ulikuwa bure, na kwamba rafiki yake wa kikosini Kayla, waliyemzika karibu na ziwa, alikufa bure. Jambo hilo hakuwahi kumwambia mtu, hata Bernice. Aliona heri akae kimya na kukaanga samaki.

Mlango wa pembeni ukafunguka. Renata aliingia, ametoka kutupa taka kwenye baridi, koti begani na kofia yake ya jeshi ya rangi ya mchanga kichwani, akitafuta funguo za gari la baba yake.

Kengele ya baa ikalia.

Ni kanuni ya zamani, imeandikwa juu ya mlango: mwanachama akiingia baa na kofia kichwani, kengele inapigwa, naye anawanunulia wote kinywaji. Hoyt Bruske, anayehudumu baa, ameipiga kengele hiyo tangu enzi za baba yake Orvil, na mkono wake hausubiri amri ya kichwa. Wazee waligeuka wakicheka, wakamwona Renata, na kicheko kikapungua.

"Umekosea, Hoyt," Lyle alisema kwa upole. "Huyo ni wa Kamati ya Kina Mama. Kengele ni ya wanachama."

"Nimeona kofia ya jeshi, nimepiga," Hoyt alijibu. "Kengele ikishalia siwezi kuimeza."

"Haidhuru, nitawanunulia," alisema Renata, akivua kofia.

"Huwezi, mwanangu," alisema Lyle. " Si kwa ubaya. Akinunua asiye mwanachama tunavunja kanuni."

Clete alikuwa anamtazama Lyle kama mtu aliyeokota kitu njiani. "Hebu tulia kidogo, katibu. Mwaka juzi wote, huyu binti alikuwa wapi?"

"Iraki. Kila mtu anajua."

"Wewe umefika Iraki?"

"Unajua sijafika."

"Mimi je? Hoyt? Kuna mtu humu aliyefika?"

Hakuna aliyenyanyua mkono.

"Na tangu Krismasi tunabishania nini hapa?"

Orvil alihisi masikio yake yanawaka moto. Chumba kizima cha watu wazima walikuwa wakijadili vita, na mtu pekee aliyevijua vita vyenyewe wamemweka jikoni akigawa kabichi.

"Nani aliyemwandikisha kwenye Kamati ya Kina Mama?" Orvil aliuliza, ingawa moyoni alishajua.

"Sahihi ni yako, mzee," alisema Lyle.

Ndivyo ilivyokuwa. Renata aliporudi walimfanyia sherehe hapohapo. Bernice, kiongozi wa kina mama, alimpa aproni nyeupe aliyoishonea jina kwa uzi wa buluu, na Orvil akatia sahihi kadi ya Kamati, ile wanayopewa wake na mabinti wa wapiganaji. Watu walipiga makofi. Renata aliitazama ile aproni muda mrefu, akashukuru, na baba yake akadhani ni furaha imemzidi. Hakuna hata mmoja aliyefikiri kwamba binti wa mpiganaji anaweza kuwa mpiganaji mwenyewe. Wema wao ulikuwa mkubwa kiasi kwamba ulimfunika kabisa.

"Mbona hukusema?" Orvil alimuuliza, mbele za watu wote, maana hakuwa na mahali pa kwenda kuulizia.

"Mlikuwa mnapiga makofi, Baba. Na Mama alikuwa ameshona jina. Ningeanzia wapi?"

Kwenye dirisha la jikoni, Bernice alisimama na kitambaa cha vyombo mkononi. "Ningefumua," alisema. "Ungesema tu, ningefumua jioni ileile."

"Aproni naipenda, Mama. Usiifumue."

Orvil akagonga nyundo, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Alipendekeza Renata Majeski aingizwe kuwa mwanachama kamili, leo hii, na kama kuna mwenye neno la kupinga aseme sasa au akalitupe ziwani. Mikono yote ilinyooka, wa Lyle ukiwa wa kwanza. Renata akawanunulia wote brandi kwa mujibu wa kanuni, wazee wakampigia meza, na kwa muda fulani hakuna aliyekumbuka kwamba kulikuwa na hoja. Orvil alijisikia mwepesi, kama amevua buti zilizombana siku nzima.

Lakini Clete hakusahau. "Haya, askari. Tuambie. Ni Vietnam ile au siyo?"

"Vietnam siijui," alisema Renata. "Baba hajawahi kunisimulia chochote isipokuwa mvua."

Walicheka, Orvil pia.

"Lakini ninyi mlikwenda mmoja mmoja, si ndivyo? Kila mtu na tarehe yake ya kurudi. Ikifika, unawaaga wenzako unapanda ndege. Sisi tulikwenda pamoja, watoto wa mji mmoja. Aliyekuwa ananilinda juu ya lori ni Travis wa duka la mikate. Agosti Travis anarudi kule. Nikibaki, kila asubuhi nitapita mbele ya lile duka nikimtazama mama yake. Siwezi, jamani."

Aliizungusha glasi yake.

"Na kuna mkalimani wetu, Haidar. Ana watoto. Mtaa wake mzima unajua alikuwa anapanda lori letu. Tukiondoka kesho, watu watakwenda moja kwa moja mlangoni kwake. Kwa hiyo, Clete, mimi nasema bado. Nataka turudi, ila si kwa kukimbia usiku. Na wewe Lyle, usiseme tuliojiandikisha hatulalamiki. Mimi nalalamika kila asubuhi kabla ya kahawa."

"Nimekoma," alisema Lyle.

Wakapiga kura. Lyle alihesabu mikono ya ndiyo, akahesabu ya hapana, akahesabu tena, kisha akavua miwani na kumtazama mwenyekiti kwa huruma. Bila Renata, hoja ingepita kwa kura moja. Renata alikuwa amesema hapana, na kura zikalingana.

"Ni wewe sasa, mzee," alisema Lyle. "Ndiyo au hapana?"

Orvil aliyaangalia mapaja yake. Kanuni iliyomkinga jioni nzima ilikuwa imemgeukia, na aliyeigeuza ni mwanawe mwenyewe. Kumfuata ingekuwa rahisi. Amesema vizuri, amesema kama mtu mzima, na hakuna ambaye angemlaumu baba kwa kusimama upande wa binti yake siku ya kwanza aliyokaa nao. Hata huyo Haidar, asiyemfahamu, alikuwa ameanza kumwonea uchungu.

"Ukisema ninachotaka mimi, nitajua umenionea huruma," alisema Renata. "Piga yako, Baba."

Orvil akanyanyua uso. "Renata arudi nyumbani," alisema.

Lyle alingoja, kalamu juu ya karatasi. "Hiyo siyo ndiyo wala hapana."

"Ndiyo kura yangu."

"Lakini huyo ameshafika nyumbani, Orvil. Kakaa hapo mbele yako."

"Anaondoka Agosti. Namtaka arudi kabla hajaondoka." Aliisogeza nyundo kando. "Alichofanya kule hakuna wa kukifuta humu ndani, wala alichofanya Kayla. Mimi si mtu wa siasa. Sijui kama ni vita vilevile au vingine. Najua nina mtoto mmoja na simtaki kule, hata siku moja. Andika hivyohivyo."

Lyle aliandika ndiyo, kwa herufi ndogo, na chini yake akaandika kama alivyoambiwa. Clete alikuwa ameshinda hoja yake ya miezi mitatu, lakini hakushangilia, alipenga kamasi tu. Kwenye dirisha la jikoni hapakuwa tena na mtu. Maji ya bomba yalisikika yakifunguliwa kwa nguvu.

"Kura yangu ya kwanza hapa," alisema Renata, "na aliyeiua ni baba yangu mzazi."

Kicheko kilipasuka chumba kizima. Hoyt aliwajazia tena bila kuombwa. Kila mmoja alijua barua ile itafika ofisini kwa mbunge na kulala huko, na Agosti itakuja vilevile, na Renata atapanda basi na Travis wake. Hata hivyo watu walikaa wakicheka na kuchokozana, na Clete akamfundisha Renata mahali pa kukaa ili upepo wa mlangoni usimpige.

Walipoanza kuondoka, Renata alikuja akachutama kando ya kiti cha baba yake.

"Umekasirika?" Orvil aliuliza.

"Hapana." Alifikiri kidogo. "Siku ile ya kwanza tulipoondoka, mji mzima ulijipanga barabarani. Mlikuwa mnatupungia bendera, mnaimba. Wewe ulipunga kuliko wote, Baba, mpaka Travis akakucheka. Nilikaa dirishani njia nzima mpaka uwanja wa ndege najiuliza kama kuna mtu hata mmoja asiyetaka niende."

"Alikuwapo," alisema Orvil. "Alikuwa ameshika bendera."