Maji ya Studio ya Brigita

Jumatatu asubuhi, katika Oktoba ile ya vumbi, Brigita alifagia studio yake ya picha na video pale Matogoro, akawasha kompyuta, akachomeka kadi ya kumbukumbu ya Polycarp, mratibu wa mradi wa maji. Ndani yake mlikuwa na video ya uzinduzi wa bomba la maji katika kitongoji cha mlimani. Ndiko alikozaliwa Brigita, na ndiko mama yake alikokuwa angali akishuka bondeni kuchota maji, na goti lake moja lilikwisha kugoma. Bomba lilitoa maji siku ya uzinduzi tu. Tangu hapo lilikuwa likitoa upepo, na Jumapili hata upepo halitoi.

Programu ya kuhariri iliikataa video. Vigelegele vilisikika vizuri, lakini picha ilikuwa nyeusi kama sufuria ya msibani. Brigita hakujisumbua. Simu za siku hizi hurekodi zinavyotaka zenyewe, na programu za kuhariri zina madeko ya bibi harusi, haziingii ukumbini mpaka zibembelezwe. Alifungua programu ya kugeuzia mafaili, akachagua fomati inayokubalika, akabonyeza, kisha akachukua muhogo wake wa kuchemsha.

Mstari wa kijani ulipofika katikati, maji yakaanza kutoka kwenye tundu la kuchomekea flashi.

Alitazama dari kwanza, kwa heshima tu, maana mvua ilikuwa haijanyesha tangu Mei. Halafu akaweka muhogo kando na kukinga beseni. Mstari ulipofika mwisho, tundu lilelile likatoa sauti ya Polycarp, kama alivyosema siku ya uzinduzi akiifunga koki: "Yanatosha kwa leo, akina mama. Mengine kesho." Maji yakakatika. Beseni lilikuwa limejaa pomoni.

Aligeuza faili upya. Akajaza na ndoo ya kupigia deki.

Kesho yake Mama Imaculata, mama yake, aliyekwisha kupelekewa habari, alishuka na ndoo kichwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Bomba lenyewe liko wapi?"

"Hilo hapo, kwenye kompyuta."

Mama aliinama kulikagua. "Mmeliweka chini mno. Ndoo haiingii."

Brigita akaipandisha kompyuta juu ya kigoda. Maji yalipotoka, mama alikinga kiganja, akaonja, akaonja tena kama mtu anayekumbuka jina.

"Maji ya boza haya. Yana dizeli. Ndiyo yaleyale tuliyokunywa siku ile ya uzinduzi tukacheza ngoma ya lizombe mpaka jioni."

Waliitazama video iliyogeuzwa. Nyuma ya ukuta wa kanisa ulionekana mkia wa boza, gari la kubebea maji, na mpira wa maji ulioanzia kwenye boza ukazama ardhini kuelekea bombani.

"Si nilisema?" alisema jirani yao Adela, aliyekuja na madumu yake. "Bomba gani linanguruma? Mkaniambia nina wivu."

Kufikia katikati ya wiki foleni ilifika kwenye saluni ya jirani. Waliokuja kupiga picha za pasipoti walijipanga nyuma ya ndoo. Brigita alijifunza kazi haraka: akichagua ubora wa chini, maji yalikuja kwa kasi yakiwa na vumbi, akichagua ubora wa juu, yalikuja maangavu, polepole, kama yanaomba radhi. Harufu ya dizeli haikuondoka kwa ubora wowote. Umeme ukikatika na maji yalikatika, kwa hiyo wenyeji waliona ni huduma ya kawaida ya mjini.

Katika kuihariri, Brigita aliuacha mkia wa boza makusudi, tena akaurudia mara mbili. Ijumaa wageni wanaogharimia mradi wangeitazama video ukumbini. Wakiuona ule mpira, alifikiri, watauliza, na wakiuliza, huenda mtaro wa bomba ukachimbwa kweli na mama akapumzisha goti.

Polycarp alikuja Alhamisi mchana, akinukia manukato. Aliwapita akina mama, akaruka beseni, akaketi kutazama.

"Kata hapo penye gari, dada."

"Nikikata, mratibu, wageni watajuaje kwamba bomba halijaunganishwa na chochote?"

Polycarp aligeuka akaitazama foleni. Akayatazama maji yakitiririka kutoka kwenye tundu la flashi. Hakuuliza yanatokaje, maana yeye ni mtu wa matokeo.

"Kwani maji hawapati?"

Akina mama walitazama ndoo zao. Zilikuwa zimejaa. Kubishana na ndoo iliyojaa, huku umeibeba mwenyewe, ni kazi ngumu.

"Jibu, mama," alisema Brigita.

"Tunapata," alisema Mama Imaculata. Oktoba ni mwezi wa Rozari, na mwezi wa Rozari hasemi uongo.

"Basi." Polycarp akatoa simu, akaanza kurekodi. "Hebu tabasamuni kidogo. Wanufaika hao. Mama mwenye goti, njoo mbele."

Akamsimamia Brigita mpaka boza likakatwa, na wanufaika wakabandikwa palepale lilipokuwa. Kipande hicho kipya nacho kilibidi kigeuzwe. Hakikutoa hata tone, ila manukato kidogo. Kisha Polycarp akadai kadi yake, akaagiza kila kitu kifutwe. Brigita akafuta mbele yake. Lakini mwanamke aliyekwisha kuibiwa kamera mbili na mume mmoja hakosi nakala.

Ijumaa wageni walipiga makofi. Kitongoji kikahesabiwa miongoni mwa vilivyopata maji, na kilichokwisha kupata hakipelekewi tena.

Siku hizi, kila alasiri, Brigita huligeuza faili la ile nakala kwa ubora wa juu. Ndoo ya mwisho ikikaribia kujaa, sauti hutoka kwenye tundu: "Yanatosha kwa leo, akina mama. Mengine kesho."

"Haya, baba," wanamjibu, wanaweka ngata kichwani, wanapanda mlima.

Juu kule njia inapita kando ya lile bomba la uzinduzi. Mama Imaculata husimama hapo, ndoo ikiwa kichwani, akalifuta vumbi kwa upindo wa kanga, maana ni mali ya kitongoji. Halafu anaendelea kupanda.