Mkono wa Mzee Momose

Saa nane na dakika kumi mchana, Jumamosi ya pili ya Februari, picha ya saba ilibandikwa kwenye ukuta wa ukumbi wa mtaa, na mkono wa mzee aliyekuwa ndani yake haukuonekana sawasawa.

Isurugi aliliona hilo kabla pini ya pili haijaingia. Hakuinuka kitini. Alikuwa amestaafu kutoka kiwanda cha lenzi cha ng'ambo ya ziwa, na sasa alikuwa jaji wa chama cha wapiga picha wa mji wa Suwa, Japani. Kiwandani kazi yake ilikuwa ukungu: ile sehemu ya picha iliyo mbele au nyuma ya kitu kilicholengwa, inayolainika hadi taa zikawa visahani vya nuru na matawi yakawa moshi. Watu walidhani ukungu hujitokea wenyewe. Yeye aliupigia hesabu, akaung'arisha, akautupa na kuuanza upya. Kwa hiyo aliona ana haki ya kuudharau ukungu wa watu wengine.

Siku hiyo haki hiyo alikuwa ameshaitumia vya kutosha. Meneja mstaafu wa benki alileta ua la mplamu lililoelea kwenye kitu kama uji. Hosaka, fundi baiskeli aliyekuwa katibu wa chama, alileta mbwa wake: pua imetoka kali na wazi, macho hayaonekani.

"Umepiga picha ya pua," Isurugi alimwambia. "Hongera kwa pua."

"Pua ndiyo mbwa mwenyewe, Mwalimu. Hayo mengine ni manyoya."

Ukumbi ulicheka. Isurugi hakucheka. Wote walikuwa hivyo: walinunua lenzi za bei ya gari, wakafungua tundu lote la lenzi ili ukungu uzidi, wakalainisha kila walichoshindwa kukipanga, wakarudi nyumbani wakiwa wasanii.

Picha ya saba ilikuwa ya Bi Momose, muuza mboga zilizohifadhiwa kwa chumvi, aliyejiunga na chama msimu wa vuli na ambaye hadi siku hiyo alileta picha za simu tu. Baba yake alikaa karibu na dirisha, ameinua kikombe usawa wa shavu. Uso ulionekana wazi, mkali hadi kope. Nyuma yake, matunda ya persimoni yaliyoanikwa kwa kamba yaligeuka mataa ya rangi ya kutu. Lakini mkono wenye kikombe, pale pale kando ya shavu, ulikuwa umefutika.

"Shavu na mkono viko umbali mmoja," Isurugi alisema. "Lenzi haina upendeleo. Ikikazia umbali fulani, kila kilichopo umbali huo hutoka kikali. Hapa shavu ni kali, mkono ni uji. Lenzi haiwezi kufanya hivyo. Simu inaweza. Simu hukisia mtu anaishia wapi, na hapa imekisia ovyo. Bi Momose, kanuni za maonyesho zinakataza ukungu wa kutengeneza. Unazijua?"

"Nazijua, Mwalimu."

"Basi?"

Bi Momose aliitazama picha. "Sina la kusema."

"Mwalimu, mpe mama wa watu nafasi ajieleze," Hosaka alisema.

"Ameshajieleza. Hana la kusema."

Bi Momose aliibandua mwenyewe. Alipokuwa akiifunga kwenye kitambaa, Isurugi alimsikia akimwambia Hosaka kwa sauti ya chini kwamba alitaka baba yake aione ukutani mwaka huu. Hakujua kama mwakani mzee ataziweza ngazi za ukumbi. Isurugi aligeuka. Kila picha mbovu huja na mzee wake, aliwaza, na kila mzee ana ngazi zake.

Hata hivyo jambo moja lilimkera siku zilizofuata. Wadanganyifu hubisha. Huapa, hutaja majina ya lenzi wasizonazo, huuliza kama kanuni zimebadilika. Huyu alinyamaza. Isurugi hakupenda shauri lisilofungwa, na Jumatano akaenda dukani kwa Bi Momose kudai picha ya asili. Huruma hakuwa nayo. Alitaka Bi Momose akiri.

Duka lilinuka chumvi na majani mabichi. Bi Momose alipomwona aliweka kisu chini.

"Nani huyo?" sauti ikauliza nyuma ya pazia.

"Mwalimu wa chama, baba."

"Yule mkali? Mkalishe. Chai naleta mimi."

"Baba, acha nita—"

"Nimesema naleta."

Kabla mzee hajaonekana, kilisikika kikombe kikigongagonga sinia, mfululizo, kama meno ya mtu mwenye baridi. Kisha pazia likasogea. Mzee Momose alikuja polepole, macho yamekaza kwenye sinia, uso umetulia kabisa. Alikiinua kikombe. Kwenye ukingo wake nukta ya mwanga wa balbu ilizunguka, ikarudi, ikazunguka tena, na chai ikamwagika juu ya vidole vyake na juu ya goti la mgeni.

"Samahani. Baridi ya mwaka huu haina adabu," mzee alisema. Akaitia mikono mfukoni, akarudi nyuma ya pazia.

Isurugi hakulifuta goti. Alikuwa akikumbuka ukingo wa kikombe kwenye ile picha. Nukta ya mwanga isiyolengwa hutanuka ikawa kisahani. Alikuwa amewafundisha vijana wa kiwandani jambo hilo hadi wakalichoka. Kwenye picha ile hapakuwa na kisahani. Palikuwa na uzi mwembamba uliojisokota. Alikuwa ameuona akiwa ameketi kitini, akausingizia simu. Lenzi haikuwa na kosa, wala umbali haukuhusika. Mkono ulikuwa ukitembea.

"Ulitumia nini?" aliuliza.

"Kamera ya baba, ya filamu, juu ya stendi ya miguu mitatu. Giza lilikuwa limeanza kuingia, ikabidi lenzi iachwe wazi kiasi cha mtu kutamka 'moja'. Uso aliukaza. Mkono haukaziki."

"Mbona hukusema pale?"

Bi Momose alitazama pazia, akashusha sauti. "Mbele ya nani? Nusu ya wale ni wateja wangu. Wanajua ni baba anayekanda hizi mboga. Wakisikia habari ya mikono yake, wiki hiyo hiyo watasema ladha imebadilika. Na mwenyewe hajamwambia mtu yeyote. Anasema baridi, hata Agosti."

"Na bado ukaileta."

"Aliichagua yeye. Alisema ndiyo pekee isiyompaka mafuta. Mimi nilijua watu wataona ukungu, waseme ni mtindo, yaishe. Nilikuogopa wewe tu, Mwalimu, kwamba utauona mkono. Kumbe hata wewe ulitazama vibaya."

Isurugi aliinywa chai iliyobaki.

Jumamosi iliyofuata orodha ya maonyesho ilikuwa ifungwe. Isurugi alisimama, jambo ambalo kwa kawaida hakulifanya.

"Picha ya Bi Momose irudishwe. Nilikosea."

"Subirini, subirini," Hosaka alisema. "Nani ana kalenda? Tuitie alama siku hii. Ulikosea wapi, Mwalimu? Tufundishe."

"Ukungu ule si wa simu."

"Ushahidi?"

Neno hilo lilikuwa lake. Alikuwa amewabana nalo kila mmoja wao, mwezi baada ya mwezi. Sasa ushahidi alikuwa nao kamili, unaopimika. Bi Momose alikuwa ameinamisha kichwa kwenye kitambaa chake.

"Sina," alisema Isurugi.

"Hana! Jamani, huyu ameonjeshwa mboga za bure."

"Mboga tu?" meneja wa benki akaongeza, na vicheko vikapasuka. Isurugi aliwatazama. Watu waliokuwa hawajui kisahani na uzi vinatofautiana vipi walikuwa wakimcheka kwa sababu ambayo haikuwepo. Aliwadharau kama siku zote, lakini safari hii alijikuta mmoja wao, maana naye alikuwa ametazama vibaya. Ikapigwa kura, naye akawa wa kwanza kuinua mkono. Hosaka, akiwa bado anacheka, akainua wake. Picha ilipita kwa kura moja.

Siku ya kwanza ya maonyesho Mzee Momose alipanda ngazi akishikiliwa kiwiko na binti yake, mikono ndani ya mifuko ya koti. Alisimama mbele ya picha yake, akatikisa kichwa kukubali, kisha akapitia zilizobaki: ua la mplamu, mbwa wa Hosaka, barabara na nyuso zilizoyeyuka. Akamgeukia Isurugi.

"Mbona nyuma kote ukungu? Mnaficha nini huko?"

Hosaka alicheka hadi akajishika mbavu. Isurugi alianza kumweleza mzee habari za tundu la lenzi na umbali. Mzee alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasogea kwenye picha inayofuata.